JIKO LA KOILI MBILI: TUPIME KABLA YA KUUNGANISHA

 

Katika toleo hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani, au jirani anacho, ingawa wenye plot wengi hawapendi kukiona: jiko la stima la koili. Nazungumzia hasa lile la koili mbili, ambalo mafundi wetu wa jua kali hulitengeneza na kulirekebisha. Nitaeleza jinsi koili mbili zinavyofanya kazi, zinavyopimwa, na kwa nini jiko moja hudumu miaka na lingine huleta kilio.

Kwa nini nimechagua habari hii? Nitasema ukweli. Miaka michache iliyopita, kikundi cha vijana cha upande wa Ruiru walituletea ombi la mkopo mdogo. Walitaka kununua waya, mabati na vigae ili watengeneze majiko ya koili mbili na kuwauzia wapangaji. Karatasi zao zilikuwa safi. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina walikuwa wametia sahihi, na hesabu ya faida ilikuwa sawa. Mimi nikalipitisha. Niliuliza habari za soko, za akiba na za kurudisha mkopo. Swali moja sikuuliza: jiko lenyewe linatengenezwa vipi?

Mwezi wa pili tukapata habari. Mama mmoja alikuwa anapika uji, ukafurika. Akazima swichi ya jiko, akangoja koili zipoe, kisha akachukua kitambaa chenye maji apanguse. Stima ikamshika mkono. Bahati yake ni kwamba mtoto wake wa darasa la sita alikuwa na akili ya kuzima soketi ya ukutani badala ya kumshika mama. Mama alipona, lakini vidole viwili havikunjiki vizuri mpaka leo. Watu wa plot walisema ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga. Swichi ya jiko ilikuwa imefungwa kwenye waya usiofaa, na hakuna aliyepima. Vijana hawakupima, nami sikuuliza.

Tulisimamisha mradi. Tukatafuta fundi wa stima mwenye leseni, mzee aliyefanya kazi viwandani Thika miaka mingi, akakaa na vijana Jumamosi nne. Mimi si fundi, lakini nilikaa pale na daftari kama mwanafunzi. Haya ninayoandika ndiyo tuliyojifunza.

STIMA SI NGENI KWETU

Watu wengine hudhani stima ilitoka Nairobi ikatufikia sisi. Kumbe mambo yalianza kinyume. Mwanzoni mwa karne ya 20, Nairobi ilipokuwa mji mdogo wa reli, stima yake ilitoka kwenye mto wetu wa Ruiru. Katika miaka ya 1920 kituo kingine, cha Ndula, kilijengwa kwenye mto Thika. Lakini kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya vijiji bila kuingia ndani. Mpango wa serikali wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma, unaoitwa Last Mile, ulianza mwaka wa 2015, na nyumba nyingi za mashambani zikapata mita.

Sasa mita iko, tokeni inanunuliwa kwa simu, na mama anaona makaa yamepanda bei. Ndipo jiko la koili linaingia. Ni rahisi kununua, halina moshi, na chai ya asubuhi haingoji mkaa ushike. Faida hizo ni za kweli, kwa hiyo sisemi tuliache. Nasema tulijue.

KOILI NI NINI HASA?

Koili ni waya uliozungushwa kama springi. Lakini si waya wowote. Ukiweka waya wa shaba, fyuzi itaruka mara moja. Waya wa koili ni mchanganyiko wa nikeli na kromu, kwa kawaida sehemu 80 za nikeli na 20 za kromu, na huitwa nikromu. Albert Marsh wa Marekani alipewa hataza ya mchanganyiko huu mwaka wa 1906. Kabla ya hapo nyaya za moto ziliungua upesi sana.

Siri ya nikromu ni mbili. Kwanza, hukataa stima kupita kwa urahisi, na kule kukataa ndiko kunakoleta joto. Pili, ukipata moto hujifunika kwa ngozi nyembamba ya kromu iliyoshika hewa, na ngozi hiyo huzuia waya usiliwe. Huyeyuka karibu nyuzi 1,400 za joto, kwa hiyo kuwa mwekundu kwake ni jambo la kawaida.

HESABU YA TANGI LA MAJI

Vikundi vingi vyetu vina miradi ya maji, basi tutumie tangi. Volti ni kama urefu wa tangi lililoinuliwa: ndiyo nguvu inayosukuma. Ampea ni wingi wa maji yanayopita kwenye bomba. Omu ni wembamba wa bomba: omu zikiwa nyingi, maji yanapita kidogo. Wati ni kazi yote inayofanyika, yaani joto tunalopata.

Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Hesabu ni hizi:

1. Ampea = volti gawanya kwa omu.
2. Wati = volti mara ampea.

Chukua koili ya kawaida ya wati 1,000. Omu zake ni karibu 57.6. Gawanya 240 kwa 57.6, unapata ampea 4.2 hivi. Zidisha kwa 240, umerudi kwa wati 1,000. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuifanya kwa simu, na hesabu hii ndogo ndiyo ingemwokoa mtu vidole.

KOILI MBILI HUGAWANA VIPI STIMA?

Hapa ndipo mafundi wengi wa haraka hukosea. Koili mbili zinaweza kufungwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni sambamba. Kila koili inapata volti 240 zake. Ni kama kutoboa tangi mabomba mawili: maji yanayotoka huwa mara mbili. Kwa hiyo omu za jumla hazijumlishwi. Zinapungua! Koili mbili za omu 57.6 zikiwa sambamba, mita itasoma omu 28.8. Ampea zinakuwa 8.3, na joto wati 2,000.

Njia ya pili ni mfululizo. Stima inapita koili ya kwanza, ikitoka inaingia ya pili. Ni bomba moja refu. Omu zinajumlishwa: 57.6 na 57.6 ni 115.2. Ampea zinashuka hadi 2.1 hivi, na joto lote ni wati 500.

Kwa hiyo jiko la koili mbili lenye swichi nzuri ya hatua tatu linaweza kutoa moto wa aina tatu:

- Zote mbili kwa mfululizo: wati 500. Moto mdogo wa kutokosesha githeri iliyokwisha kuchemka.
- Koili moja peke yake: wati 1,000. Chai, mboga, mayai.
- Zote mbili sambamba: wati 2,000. Maji mengi, au ugali wa watu wengi.

Na tokeni je? Wati 1,000 kwa saa nzima hula yuniti moja. Sambamba kwa saa nzima ni yuniti mbili. Mfululizo ni nusu yuniti. Mama anayejua hili hachemshi githeri masaa matatu kwa moto mkubwa halafu anailaumu kampuni ya stima.

KOILI ZIWE MAPACHA

Fundi wetu alirudia neno hili mpaka vijana wakacheka: mapacha, mapacha. Koili mbili za jiko moja lazima ziwe za waya mmoja, unene mmoja, urefu mmoja na mizunguko ileile. Zitoke kwenye roli moja, siku moja.

Kwa nini? Tuseme koili moja ina omu 57.6 na nyingine, kwa kuwa waya ulikuwa umebaki mfupi, ina omu 40. Zikifungwa sambamba, ile ya kwanza itachukua ampea 4.2, na ile fupi itachukua ampea 6. Fupi inatoa wati 1,440 kwa waya mchache. Itakuwa nyeupe kwa moto wakati mwenzake bado ni mwekundu. Italegea, itainuka kutoka kwenye mfereji wa kigae, na siku moja itagusa sufuria. Sufuria ya alumini ikigusa koili yenye stima, sufuria yenyewe inakuwa na stima, na mama ameishika na mwiko wa kukoroga uko ndani.

Kwa mfululizo mambo hugeuka: ile yenye omu nyingi ndiyo hupata joto zaidi. Lakini somo ni lilelile. Koili zisizo mapacha hazitulii.

KUTENGENEZA KOILI

Haya ni kwa wale vijana ambao tayari wana kazi hii mkononi, na wana fundi mwenye leseni wa kuwakagua. Jiko likiwa mikononi lisiwe na plagi kabisa.

1. Pima waya kwanza. Nikromu ya 80 kwa 20 yenye unene wa milimita 0.5 ina karibu omu 5.5 kwa kila mita. Kwa omu 57.6 unahitaji karibu mita 10 na nusu. Usiamini maneno ya muuzaji. Kata mita moja, ipime kwa mita ya omu, ndipo upige hesabu ya urefu.

2. Kata vipande viwili sawa, na uongeze kidogo kwa ajili ya mikia.

3. Zungusha kwenye fito ya chuma iliyonyooka, kama ya milimita 6. Mizunguko ikae karibu karibu, imekazwa sawasawa. Kwa waya huo utapata kama mizunguko 500, na koili iliyobanana yenye urefu wa sentimita 25 hivi.

4. Vuta pole pole kutoka ncha zote mbili mpaka iwe karibu mara tatu ya urefu wake. Nafasi kati ya mizunguko iwe sawa kote. Mahali palipobanana ndipo patakuwa pekundu zaidi, na ndipo patakatika kwanza. Haraka haraka haina baraka.

5. Mwisho wa kila koili, acha mkia na uukunje uwe wa waya maradufu kwa sentimita tano hivi. Waya maradufu hupata joto kidogo, kwa hiyo ile ncha inayofungwa kwenye skrubu haitaungua.

6. Laza koili ndani ya mifereji ya kigae cha udongo wa kuchomwa. Ilale chini ya ukingo, isichomoze hata mzunguko mmoja. Koili mbili zisipitane wala kugusana popote.

7. Funga ncha kwa skrubu na washa za chuma kwenye kiunganishi cha kauri. Usitumie risasi ya kulehemu, maana huyeyuka kabla koili haijawa hata nyekundu. Usitumie kiunganishi cha plastiki karibu na moto.

Neno moja juu ya kigae. Wazee watakumbuka jinsi jiko la makaa lenye kauri ndani lilivyoenea nchini kuanzia miaka ya 1980, na jinsi majiko mengine yalivyopasuka mapema kwa sababu kauri haikuchomwa vizuri. Kwa stima hatari ni kubwa zaidi. Kigae kibichi kina maji, na maji huibeba stima kuipeleka kwenye bati. Kiwe kimechomwa, na kikauke kabisa. Mara ya kwanza jiko lichomwe nje, kwa njia ya mfululizo, moto mdogo, bila sufuria na bila watoto karibu.

SWICHI, ARDHI NA FYUZI

Sasa nirudi kwa yule mama. Nyaya za stima ni tatu. Laivu ndio unaoleta stima: rangi yake ni kahawia, au nyekundu kwa nyaya za zamani. Nyutro ndio unaorudisha: buluu, au nyeusi kwa za zamani. Wa tatu ni waya wa ardhi: kijani na manjano, au kijani pekee.

Swichi ikikata nyutro badala ya laivu, jiko litazima kabisa. Koili zitapoa, wekundu utaisha. Lakini stima bado imejaa ndani ya koili, inangoja njia ya kuteremka ardhini. Mkono wenye kitambaa cha maji, na miguu kwenye saruji, ndio njia yenyewe. Jiko baridi, mama ameshikwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo swichi ikate laivu. Iliyo bora ni ile inayokata laivu na nyutro pamoja. Hata ukiwa nayo, sheria ya nyumba iwe moja: usipanguse jiko kabla ya kung'oa plagi.

Waya wa ardhi ufungwe kwa skrubu yake kwenye bati la jiko. Bati likipata stima kwa bahati mbaya, waya huo utaipitisha na fyuzi itaruka kabla mtu hajaguswa. Lakini utafaa tu ikiwa soketi nayo ina ardhi. Katika plot nyingi soketi ina matundu matatu lakini nyuma yake kuna nyaya mbili tu, na stima ya sambaza mara nyingi haina ardhi hata kidogo. Mwambieni fundi akague. Na kama mwenye plot anaweza, aweke kwenye mita ile swichi inayokata stima ikivuja miliampea 30. Mkondo mdogo kama wa miliampea 10 unatosha kumfanya mtu ashindwe kuachilia alichoshika. Swichi hiyo hukata kabla hata hajapiga kelele.

Waya wa kutoka jikoni hadi plagi uwe wa nyuzi tatu, wa milimita 1.5 za eneo, na wa kustahimili joto. Waya wa redio hauwezi kubeba ampea 8.3. Utalainika chini ya kitanda usiku, na nyumba za mabati zimeungua namna hiyo. Kwa jiko la koili moja fyuzi ya plagi iwe ya ampea 5. Kwa koili mbili sambamba iwe ya 13. Msumari na karatasi ya pakiti ya sigara si fyuzi. Na jiko la koili mbili lipewe soketi yake peke yake, lisichangie ekstensheni na pasi na televisheni.

VIPIMO VINNE KABLA YA PLAGI

Mita ndogo ya kupimia omu si ghali, na kikundi kizima kinaweza kutumia moja. Jiko likiwa halijaunganishwa popote, pima hivi na uandike kwenye kitabu:

Kwanza, kila koili peke yake. Zote mbili zisome karibu 57 au 58, na zisipishane zaidi ya omu moja hivi. Ikisoma karibu sifuri, kuna mahali zimegusana. Isiposoma kitu, imekatika.

Pili, zote mbili kwa hatua ya sambamba. Isome karibu 29. Ukisoma kumi au tano, usithubutu kuwasha.

Tatu, kati ya pini za plagi na bati la jiko. Pini za laivu na nyutro zisionyeshe njia yoyote kwenda kwenye bati, swichi ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Pini ya ardhi ionyeshe njia moja kwa moja, karibu sifuri.

Nne, swichi ikiwa imezimwa, pini ya laivu isionyeshe njia yoyote kwenda kwenye koili. Hiki ndicho kipimo ambacho kingegundua kosa letu. Kinachukua nusu dakika.

KOILI IKIKATIKA, TUSIIUNGE

Hii ni desturi ya kila plot. Koili imekatika, mtu anavuta ncha mbili, anazisokota, jiko linawaka tena. Hata linawaka kuliko jana, na kila mtu anafurahi. Linawaka zaidi kwa sababu koili imekuwa fupi.

Tuseme robo ya koili imepotea. Omu 57.6 zimekuwa 43.2. Ampea zimepanda kutoka 4.2 hadi 5.6, na wati kutoka 1,000 hadi 1,333. Kila sentimita ya waya uliobaki inabeba joto karibu mara 1.8 ya lile la zamani. Tena waya uliokwisha kuchomwa mara nyingi huwa mkavu na hukatika ukiusokota, na pale penye fundo huruka cheche. Wiki ijayo itakatika tena, utaiunga tena, na kila mara inakuwa hatari zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Koili ikikatika, ibadilishwe nzima. Na kama ni jiko la koili mbili za umri mmoja, badilisha zote mbili ili zibaki mapacha.

MTU AKISHIKWA NA STIMA

Wafundisheni watoto. Usimguse. Zima soketi au swichi kuu ya mita. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha stima, umsukume kwa fimbo kavu au mpini wa plastiki. Asipopumua, aanze kusaidiwa na anayejua huduma ya kwanza huku mwingine anatafuta gari. Hata akisema yuko sawa, apelekwe hospitali, maana stima huchoma ndani mahali pasipoonekana, na moyo unaweza kusumbua baadaye.

SWALI KUTOKA KWA MSOMAJI

Mzazi mmoja wa Thika aliuliza: "Mtoto wangu wa chuo ana kifaa cha kuvuta mvuke wenye nikotini. Hufunga koili mbili ndogo ndani yake yeye mwenyewe kwa waya kama huo wa jiko. Anasema ni betri tu, haiwezi kudhuru. Ni kweli?"

Jibu: Si kweli, mzee. Hesabu ni ileile ya tangi. Betri moja ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2 tu, lakini koili zake zina omu kidogo sana. Koili mbili za omu 0.4 zikiwa sambamba zinakuwa omu 0.2. Gawanya 4.2 kwa 0.2: ni ampea 21, zaidi ya jiko letu mara mbili na nusu! Betri nyingi za aina hiyo hazikuundwa kubeba mzigo huo. Hupata moto, na zinaweza kupasuka mfukoni au karibu na uso. Kifaa kisicho na kinga ya ndani hakitamzuia. Kama anafunga koili bila kupima omu, anacheza na moto. Na hata akipima vizuri, kumbuka kwamba koili salama haifanyi nikotini kuwa salama. Nikotini humfunga mtu, na kijana hufungwa upesi zaidi. Kaa naye mzungumze bila kumfokea. Mkono wake una ufundi: mwambie kuna kazi ya koili inayoleta pesa badala ya kuzimaliza.

KIKUNDI KILE KIKO WAPI SASA?

Baada ya zile Jumamosi nne vijana walirudia kila jiko walilokuwa wameuza. Waliyanunua mengine tena ili wayavunje. Mkopo ulichelewa kurudishwa, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya kamati kueleza. Leo wanatengeneza majiko machache kuliko zamani, na bei yao iko juu kidogo. Kila jiko lina kikaratasi chini: tarehe, omu za koili ya kwanza, omu za ya pili, na jina la aliyepima. Wateja walianza kwa kulalamika juu ya bei. Sasa wengine hugeuza jiko kwanza kutafuta kile kikaratasi.

Yule mama alipewa jiko jipya. Alisema hataki, akalichukua baada ya mwezi mmoja, na mpaka leo hung'oa plagi kabla hata ya kuepua sufuria.

Kikundi kinachotaka kuuza majiko kwa umma kiulizie KEBS habari ya alama ya ubora. Na fundi wa kuwakagulia nyaya za nyumba awe na leseni ya EPRA, mamlaka iliyoanzishwa na Sheria ya Nishati ya mwaka wa 2019. Mwombeni awaonyeshe leseni hiyo. Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na mama wa watu ndiye aliyelipa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni nyumba ngapi kati ya zetu zina jiko la koili? Ni ngapi zina soketi yenye waya wa ardhi wa kweli?
2. Nani amewahi kuunga koili iliyokatika? Ilidumu siku ngapi?
3. Chama chetu kinaweza kununua mita moja ya omu ya kutumia pamoja? Itatunzwa na nani?
4. Wapangaji huficha jiko lingali na moto chini ya kitanda kwa kumwogopa mwenye plot. Tunaweza kuzungumza naye namna gani ili kuwe na soketi moja salama ya kupikia?
5. Kamati ikipitisha mradi wa kutengeneza kitu, ni maswali gani ya usalama yaandikwe kwenye fomu kabla ya sahihi?